Tango la Kabla ya Meli

26 Februari

Mimi ni Yefim Kuzmich na nina miaka themanini na mbili. Nimedumu kuliko mnara wa kwanza wa kuchimbia mafuta hapa Sardayugan, ambao leo ni kutu tupu. Nimedumu kuliko nchi niliyozaliwa, maana ile ilikufa mimi nikiwa bado na meno yangu yote. Nimedumu kuliko hayo meno. Wenzangu wa kikosi cha uchimbaji, tuliojipaka mafuta usoni kwa furaha siku kisima cha kwanza kilipotema, nimewazika wote. Nimezika mbwa watano pia, na madaktari wawili walioniambia niache tumbaku.

Shule niliacha darasa la nne. Herufi nazijua, ila ni kama jamaa wa mbali: tukikutana tunasalimiana, hatulali nyumba moja. Daftari hili kanipa mke wangu Glafira. Kasema, "Kuzmich, masikio yangu yamejaa. Majigambo yaliyobaki mpe karatasi."

Sawa. Nitaipa karatasi mpaka meli ya kwanza ifike, watu wajue tango la kwanza la mji huu hutoka mkononi mwa nani.

27 Februari

Jana mkono ulichoka. Naendelea.

Aprili barabara ya barafu huyeyuka, na lori haliji tena. Mto nao unakuwa haujafunguka, meli haipiti. Hapo katikati tunakula viazi vya zamani na makopo. Meli ya kwanza ikifika mwezi wa sita, mji mzima huenda gatini, na Nahodha Terentiy husimama juu kule na kupiga kelele: "Nimewaletea matango!" Hapo sisi wa huku chini hujibu, "Tunayo yetu!" na mwenye tango hulitoa mfukoni, likakatwa, nahodha akapewa kipande cha kwanza na mkate mweusi na chumvi. Mwenye tango ni mimi. Mwaka mmoja tu lilikosekana, nilikuwa hospitali na nyonga. Terentiy akapiga honi ya kutucheka, ikasikika hadi visimani.

Siri yangu ni bomba. Bomba la maji moto la kupashia nyumba joto hupita juu ya ardhi nyuma ya nyumba yetu, na pale linapopinda nimebandua bati na sufi yake, nikaliegemeza banda langu la nailoni. Nje baridi ya kuua, ndani ni masika. Kiungo cha kwanza cha bomba hilo nilikichomelea mimi. Ni kama mwanangu.

2 Machi

Nimeamsha mbegu. Naziweka katika kitambaa chenye maji, kitambaa katika kopo la tumbaku, kopo kwapani, siku tatu. Glafira kasema kama mbegu zitapona kwapa hilo basi baridi haitaziweza. Mbegu hizi sinunui. Ni zangu tangu enzi za kikosi. Tango lake ni fupi, lina miiba midogo myeusi, na halichelewi.

3 Machi

Theluji.

8 Machi

Leo siku ya wanawake. Nilimpa Glafira kopo la maziwa mazito ya sukari, kama kila mwaka. Kasema ahsante, akaliweka kabatini pamoja na la mwaka jana.

Saa nne akabisha Zufar. Huyu ni Mtatari, alikuja vuli iliyopita kukaa na binti yake anayepima mafuta maabara. Mke wake alifariki. Ana miaka sitini na kitu, kwangu mtoto mdogo. Anacheka ovyo, na masharubu yake yamechanwa. Mwanaume wa kuchana masharubu anamchania nani?

Alimletea Glafira vitunguu majani alivyootesha katika vikombe dirishani, kavifunga utepe.

"Glafira Ivanovna, maua sikupata," kasema, "nimeleta kinacholika."

"Jamani, Zufar Galeyevich! Harufu yake tu!"

Akavitia katika glasi ya maji, akaiweka katikati ya meza. Tumekaa nyumba moja miaka hamsini na nane, glasi ile hutolewa wakifa watu au wakioa.

Usiku nilimwambia nataka kula vitunguu. Kasema, "Acha nivitazame kwanza."

9 Machi

Bado anavitazama.

21 Machi

Mbegu zote zimeota. Vikopo kumi na viwili dirishani. Zufar alipita akasema matango yake yameota pia. Sikumuuliza.

6 Aprili

Lori la mwisho la barabara ya barafu limefika leo, maji yamejaa juu ya barafu, dereva kaja na milango wazi ili aruke likizama. Sote tulikuwa pale dukani kwa Valya tukingoja. Unga ukashushwa, sukari, tufaha za mwisho, vipuri vya pampu za kampuni. Halafu gunia. Halafu gunia jingine. Manane.

Valya akachungulia. "Nani kaagiza hivi? Vinanuka!"

"Ni vyangu," kasema Zufar. "Samadi ya farasi. Ya kwetu kijijini, nzuri sana, bado mbichi."

Kicheko! Nilishika ukuta. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Ndugu yangu, watu wameletewa tufaha, wewe umeletewa zilizokwisha kuliwa!"

"Tutaona, Kuzmich," kasema, naye anacheka. Huyu mtu ukimtukana anacheka. Utamtukanaje?

Nilipofika nyumbani bado machozi ya kicheko yananitoka. Glafira hakucheka. Kasema, "Mtu kakumbuka farasi wa kwao, wewe unamsimanga."

Toka lini Glafira anapenda farasi?

20 Aprili

Amejenga banda. Nimeandika polepole ili nisiongeze wala kupunguza: amejenga banda lake la nailoni kwenye bomba langu, hatua chache kutoka kwangu. Nilimfuata.

"Zufar, hapa ni kwangu."

"Kuzmich, bomba ni la mji."

"Kiungo cha kwanza kakichomelea nani?"

"Wewe. Umeniambia mara nyingi."

"Basi?"

"Basi nakushukuru. Nimekuja hapa kwa sababu bomba linakinga upepo tu. Joto sihitaji."

Joto hahitaji! Anajenga kwenye bomba la maji moto, joto hahitaji. Ni sawa na mlevi aliyeingia baa kupisha mvua. Nikaona amechimba shimo ndani ya banda, akamwaga samadi yote, akafukia udongo juu. Samadi ni chakula cha mmea, si jiko. Sisi watu wa mafuta tunajua joto linatoka wapi.

Leo nimehamishia miche yangu bandani. Kumi na mmoja wenye afya. Wa kumi na mbili umepinda shingo, nimeutupa karibu na ngazi. Mimi sikuzi vilema.

28 Aprili

Glafira hakuwepo saa nzima mchana. Kasema alikuwa dukani. Nilikuwa dukani mimi.

1 Mei

Tena.

2 Mei

Leo karudi na maandazi ya Kitatari yenye asali. Nilikula sita ili yasibaki ya yeye kuyakumbuka.

9 Mei

Sikukuu ya ushindi. Meza ilitandikwa nje mbele ya klabu, mwenge wa gesi kule visimani ukiwaka nyuma yetu kama jua la pili. Zufar kaimba wimbo wa kwao. Hakuna aliyeelewa neno, na wanawake wote walilia. Glafira pia. Mimi nilisimama nikasema jinsi kisima cha kwanza kilivyotema. Valya kasema, "Babu, tumeisikia hiyo." Imesikika kwa sababu ni ya kweli.

11 Mei

Nimegundua. Sikulala, nimefikiri mpaka mwisho.

Miche yake ni mikubwa kuliko yangu. Bomba ni lile lile. Maji moto yanatoka boila, yanapita kwake kwanza, ndipo yanafika kwangu. Ananinyonyea joto njiani! Na kwa nini Glafira anakwenda kule? Kwa sababu kuna joto. Mwanamke mzee hupenda penye joto. Likizimwa bomba, banda lake litakuwa nailoni na mavi, na yeye atakuwa mjane mwenye masharubu, basi.

Mimi nina hita ya umeme, kubwa, niliyopewa na kampuni nilipostaafu. Banda langu litaendelea. Lake litakufa.

Sheria inasema siku tano mfululizo kukiwa na joto nje, boila inazimwa. Siku tano zimefika leo. Kila mwaka huwa wanangoja kidogo, kwa hofu ya baridi ya kurudi. Kesho kuna mkutano klabuni.

12 Mei

Nimesema kama sijawahi kusema. Nimesimama nikavua koti mbele ya watu.

"Tunachemka kama viazi!" nikasema. "Madirisha wazi, tunapasha joto ndege! Nani anaogopa baridi hapa? Mimi nililala kwenye hema wakati wa kikosi, asubuhi nywele zikiwa zimegandia kitanda! Zimeni!"

Lyonka wa boila kasema, "Kuzmich, tukizima tunatoa maji yote, tunaanza matengenezo. Hakuna kuwasha tena mpaka Septemba. Unalijua hilo."

"Nalijua kabla hujazaliwa."

Wakuu walikuwa wanataka kuokoa fedha, wakafurahi kumpata mzee wa kuwasemea. Mikono ikainuka. Zufar naye kainua! Akanikonyeza. Hajui kinachomjia.

Njiani Glafira kaniuliza, "Umefanya hivyo kwa nini?"

"Kwa ajili ya mji."

Kasema, "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akatangulia. Anatembea haraka siku hizi.

15 Mei

Bomba limepoa. Nimeliwekea mkono. Lilikuwa kama farasi aliyekufa. Nikasikia vibaya kidogo, halafu nikatazama banda la Zufar nikasikia vizuri.

Hita inafanya kazi.

17 Mei

Barafu ya mto imeondoka leo kwa kishindo. Watu wote ukingoni. Meli itakuja baada ya wiki tatu au nne.

20 Mei

Joto. Matango yangu yana maua. Ya Zufar hayajafa.

22 Mei

Hayajafa.

23 Mei

Nimeona kwa macho yangu, na macho yangu yanaona hadi ng'ambo ya mto.

Nilikwenda nyuma kutazama hita. Nailoni ya Zufar ni mpya, inaonyesha ndani. Glafira alikuwa ameinama. Zufar alikuwa ameinama. Vichwa vyao havikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja. Glafira ameshika unyoya wa kware na anaupitisha juu ya ua la njano, polepole, kama anayempaka mtoto dawa ya jicho, na Zufar anamwambia, "Sasa lile la pili, lile jike, hivyo, hivyo." Hapa hakuna nyuki, najua maua lazima yapakwe poda kwa mkono. Mimi mwenyewe nayapaka. Lakini mke wangu hajawahi kunishikia unyoya.

Hakuwa na kitambaa kichwani. Glafira havui kitambaa mbele ya watu, hata daktari. Nywele zake ni nyeupe zote, nimesahau zimekuwa hivyo lini.

Nikasimama pale nikafikiri niingie na nini. Na koleo? Na neno? Nikarudi nyumbani, nikakaa mezani nikamsubiri kwa saa ya ukutani. Alipoingia kitambaa kilikuwa kichwani.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Zufar."

Sikutegemea aseme kweli, ikanipotezea nilichokuwa nimepanga.

"Unafanya nini kule?"

"Nasaidia."

"Mimi hunisaidii!"

"Wewe?" kasema. "Toka lini unasaidiwa? Miaka yote hiyo nikikanyaga bandani unasema nimekanyaga mzizi. Nikimwagia maji, mengi. Nisipomwagia, nimeua. Yule ananiuliza, Glafira Ivanovna unaonaje? Nimeulizwa ninaonaje, Kuzmich. Nilisahau kwamba naona."

"Na kitambaa?"

"Kule kuna joto."

"Joto limezimwa!"

Kaniangalia kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu kaweka birika jikoni.

24 Mei

Hatusemezani. Nimekula makopo.

25 Mei

Makopo.

30 Mei

Mcheri-mwitu wa karibu na klabu umechanua leo, mweupe wote. Hapa kwetu mti huo hauchanui bila kuita baridi. Upepo umegeuka, unatoka kwenye bahari ya barafu. Matango yangu ni ya ukubwa wa kidole cha mwisho. Nahitaji siku kumi.

31 Mei

Theluji juu ya maua. Ndani ya nyumba maji ya ndoo yana utando wa barafu. Watu wananipita bila kunisalimu. Valya kaniuzia mkate akasema, "Babu, leo hatuchemki?" Foleni nzima ikacheka, na haikuwa kicheko cha kirafiki. Mtoto wake anaharisha na kutetemeka. Nilisahau kuchukua chenji.

Glafira anakohoa.

1 Juni

Ilikuwa siku ndefu, naandika yote.

Asubuhi Glafira hakuamka. Alikuwa amelala na koti, mabuti ya sufu na shali mbili, na kikohozi chake kinatoka chini kabisa, kama pampu inayovuta hewa. Nikampa chai yenye jamu yake ya raspberi. Hakunywa. Nilimwambia, "Simama, tutembee, damu izunguke." Kasema, "Tembea wewe."

Nikaenda boila. Nimeenda mwenyewe kwa miguu, na nyonga hii. Lyonka alikuwa amekaa juu ya vali iliyofunguliwa, anakula soseji.

"Washa," nikamwambia.

"Mzee?"

"Nimesema washa. Mke wangu anaumwa."

Akashusha soseji. Si mtu mbaya, Lyonka. Baba yake alikuwa kwenye kikosi chetu. "Kuzmich, maji hayamo. Nimefungua pampu zote mbili vipande vipande, tazama. Nikiunganisha usiku na mchana ni wiki. Nilikwambia klabuni. Ulisema unalijua kabla sijazaliwa."

"Nilisema."

"Basi nikuwashie nini?"

Nilisimama pale kati ya vile vyuma. Mabomba yale nayajua kwa majina. Niliyagusa moja moja, yote baridi. Sijawahi kuomba kitu kwa mtu mdogo wangu. Nikasema, "Lyonka mwanangu, tafadhali." Akaangalia chini. Kasema afadhali ningemtukana.

Daktari kaja mchana. Kasema ni mapafu, kampa sindano, kasema helikopta haiwezi kupaa kwa upepo huu, kitu cha kwanza ni joto. "Mna hita?" kaniuliza.

Glafira alikuwa amefumba macho. Kasema, "Hita ina kazi."

Daktari kaenda.

Nimehamisha hita.

2 Juni

Kikohozi ni kile kile, ila kalala. Nyumba ni moto. Sijaenda bandani.

3 Juni

Nimekwenda. Yote kumi na moja. Meusi, yamelala, ukiyashika ni kama kamasi. Vidole vile vidogo vimegeuka maji. Nimeyang'oa nikafunga mlango.

4 Juni

Kanywa supu.

5 Juni

Zufar kaja na mafuta ya mbuzi mwitu ya kumpaka kifuani, na asali. Nilimsimamisha mlangoni.

"Nitampaka mimi."

"Upake wewe, kwani nani mwingine?" kasema. Halafu kasema, "Kuzmich, nimeona banda lako. Pole sana."

Pole yake ilinichoma kuliko ule upepo. Nikamwuliza lile lililokuwa likinikaba tangu bomba lipoe. "Yako mbona hayajafa? Umeiba wapi joto?"

"Njoo," kasema.

Akanipeleka bandani kwake. Akapiga magoti, akachimba udongo kwa mkono, akasema, "Tia mkono." Nikatia. Nikautoa haraka, nikidhani nimeungua. Chini kule samadi inachemka! Inatoa mvuke, kama ng'ombe mzima kalala ardhini.

"Ikioza inatoa moto," kasema. "Mama yangu alipanda hivi, na bibi yake. Bomba sikuligusa, Kuzmich. Nilikwambia joto sihitaji."

Aliniambia. Ni kweli aliniambia. Naandika kwa sababu mwandishi haruhusiwi kuruka.

Matango yake ni ya aina ya kusini, mashina marefu, majani mengi, na maua dume tu. Hayana haraka. Nikamwambia, "Meli ikifika hutakuwa na kitu."

"Huenda," kasema, akasimama mbele ya pembe moja ya banda, na akasimama hapo mpaka nilipotoka. Nadhani alikuwa anakinga upepo.

8 Juni

Glafira kakaa kitini. Kaniuliza, "Umetoa hita bandani lini?"

"Sikumbuki."

"Matango je?"

"Yalikuwa machungu mwaka huu, nimeona nisiwape watu."

Kanishika sikio, akalivuta, kama zamani nilipokuwa na nywele. Halafu kasema anataka kwenda gatini meli ikija. Nikasema mimi siendi. Siendi kusikia honi.

11 Juni

Nimekwenda.

Glafira alitaka kwenda, hawezi kutembea peke yake, na Zufar alikuwa tayari kusema atamshika mkono. Basi nikamshika mimi. Mji mzima ulikuwa gatini, na vijana wa zamu za visimani waliokuwa wakingoja kurudi makwao. Mbu wamefunika kila kitu. Watu wakanipisha, na wakati wa kunipisha wakatazama mifuko yangu. Mifuko ilikuwa na mikono tu.

Meli ikafunga kamba. Terentiy akasimama juu, tumbo limeongezeka tangu mwaka jana. Akajaza kifua.

"Haya watu wa Sardayugan! Nimewaletea matango!"

Nilisikia mbu. Nilisikia hata mwenge wa gesi unavyonguruma kule mbali. Watu wakanigeukia. Terentiy naye kanigeukia, mkono unakwenda kwenye kamba ya honi. Nikatazama maji, nikafikiri: kumbe nimedumu kuliko hata hili.

"Tunayo yetu!"

Ni sauti ya Zufar. Kajipenyeza mbele na mkono juu, na mkononi kuna tango. Moyo wangu ukauma kama jino. Basi kachukua yote, nikasema moyoni. Kachukua bomba, kachukua glasi ya mezani, sasa kachukua gati.

Ndipo nikaliona vizuri. Fupi. Miiba midogo myeusi.

Mbegu hiyo hapa Sardayugan anayo mtu mmoja.

"La nani hilo?" Terentiy kauliza.

"La Kuzmich," kasema Zufar.

Nikamtazama Glafira. Alikuwa anatazama ndege. "Yule mche uliyemtupa karibu na ngazi," kasema polepole, "mwenye shingo iliyopinda. Nilimwokota. Nikamwomba Zufar anipe pembe moja penye joto. Ungejua ungemng'oa."

Ningemng'oa. Huyu mwanamke ananijua.

Kwa hiyo ndiko alikokuwa akienda. Kila siku, na ule unyoya, na kichwa wazi, alikuwa anakwenda kwenye tango langu. Mwezi mzima nimelionea wivu tango langu mwenyewe! Lakini siwezi kusema wivu uliisha. Maana aliyelipa joto ni nani? Na aliyemwuliza Glafira anaonaje ni nani?

Nikanyoosha mkono nikalichukua. Nikatoa kisu. Nikasema kwa sauti waliyoisikia hadi chumba cha injini, "Mbegu hii ni ya kikosi cha kwanza! Hakuna baridi inayoiweza!" Nikakata. Valya kashika mkate na chumvi. Cha kwanza nahodha. Cha pili nikampa Glafira, cha tatu kikawa changu.

Terentiy katafuna. Kaacha kutafuna. Macho yakamtoka maji.

Nami nikatafuna. Mama yangu! Nimewahi kunywa maji ya kisima cha mafuta, nimewahi kunywa dawa ya farasi, sijawahi kuonja uchungu kama ule. Tango likipigwa baridi hukusanya uchungu wote wa dunia.

"Hili," kasema Terentiy, sauti haitoki, "hili umesema ni la nani?"

"La Zufar," nikasema.

"La Kuzmich!" kasema Zufar, naye kaonja, masharubu yamesimama.

"Limeota kwako!"

"Mbegu yako!"

"Samadi yako!"

"Mche ulioutupa mwenyewe, mzee!"

"Ndiyo maana niliutupa, niliona mapema!"

Gati lote likalipuka. Vijana wa zamu walikuwa wamekaa chini. Lyonka akagombea kipande, akaonja, akasema mimi na Zufar tugawane, kila mmoja nusu ya aibu. Terentiy alicheka mpaka akaisahau honi. Naandika wazi ili ijulikane: honi haikupigwa.

Na Glafira alimaliza kipande chake. Alitafuna taratibu, hakukunja uso. Kasema, "Nipe kingine."

"Chungu, Glafira."

"Nimekula chungu miaka hamsini na nane," kasema. "Nimezoea."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena, na akanishikilia mimi asianguke. Zufar alikuwa upande wake wa pili, karibu tu. Alinishikilia mimi.

13 Juni

Nimemwambia nahodha, pembeni, Zufar asisikie: mwakani, kabla barabara ya barafu haijayeyuka, binamu wa huyo nahodha, anayekaa kusini, anitumie samadi ya farasi magunia kumi. Zufar alileta manane.

Bomba nimelirudishia sufi na bati lake. Glafira nimemwuliza banda jipya liangalie upande gani, anaonaje. Kafikiri muda mrefu sana, kwa makusudi. Kasema upande wa mto. Mimi naona ni makosa. Litaangalia mto.

Masika yamekwisha na daftari pia. Atakayesema nimetia chumvi akamwulize Nahodha Terentiy, ambaye ulimi wake utakuwa haujapona. Lyonka wa boila anajua nilichomwomba. Valya ana chenji yangu. Zufar Galeyevich msimwulize, atacheka tu. Na Glafira amesoma kila ukurasa nikiwa nimelala, najua, kwa sababu pale nilipoandika miaka hamsini na nane kuna alama ya kidole chenye jamu.